Ofisi Kuu Mbili na Ngazi Moja

Hivi wewe, umewahi kupanda ngazi kwenda kumwambia mtu "ndiyo," ukashuka, halafu kabla hujakalia kiti ukapandishwa tena kwenda kumwambia mtu yuleyule "lakini"? Kama hujawahi, magoti yako yana bahati. Ya Dada hayakuwa nayo.

Dada ndivyo alivyoitwa na ndugu zake wawili, kaka yake mkubwa na mdogo wake wa mwisho, na kwa kuwa walimwita kutwa nzima, hata wateja wakashika jina hilohilo. Ndugu hawa watatu waliachiwa na baba yao kiwanda cha uchapaji. Ukisema kiwanda, mtu anaweza kudhani kuna geti na moshi. Kilikuwa nyumba nyembamba ya ghorofa moja, imebanwa kati ya duka la vitambaa na duka la spea za baiskeli. Chini kulikuwa na mashine ya kuchapa, kisu kikubwa cha kukatia karatasi, marobota ya karatasi yaliyofunikwa turubai, na harufu ya wino iliyokuwa imeingia mpaka kwenye mapazia. Juu kulikuwa na chumba kimoja cha kuchorea na kupangia kurasa, chenye dirisha linalotazama barabarani. Katikati ni ngazi za mbao zenye kona, na pale kwenye kona kuna ubao uliolia kila ulipokanyagwa, kama paka aliyekanyagwa mkia.

Kaka alikaa chini, Mdogo alikaa juu. Wateja wakishazoea hukosa adabu, kwa hiyo nyuma ya migongo yao mmoja alikuwa Bwana Chini na mwingine Bwana Juu. Dada alishasikia kwamba yeye ni Mama Ngazi. Alicheka siku ile. Siku ya pili hakucheka.

Sasa, kompyuta ya Kaka ilikuwa ya Windows, kwa sababu mashine ya kuchapa ilikuja na programu yake, na programu hiyo ilitaka Windows, basi, hakuna cha kujadili. Ya Mdogo ilikuwa mashine kuukuu iliyokuwa inahema kama mtu mwenye pumu. Badala ya kuitupa, Mdogo aliiwekea Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ikapata pumzi, ikaanza kutembea. Tangu hapo aliizungumzia Linux kama mtu aliyeacha sigara anavyozungumzia mapafu yake. Ukimuuliza saa, atakujibu, kisha atakuambia saa hiyo imetoka kwenye Linux.

Faili za juu zilishuka chini kwa flashi, na flashi ilining'inia shingoni mwa Dada kwa kamba ya kiatu. Mdogo akimaliza kupanga kadi ya harusi, anagonga sakafu kwa kisigino. Dada anaacha kukunja karatasi, anajifuta wino, anapanda, anachukua, anashuka, anamchomekea Kaka. Kaka anatazama skrini, anavuta miwani mpaka puani, anasema, "Dada!" Hapo Dada anajua anapanda tena.

Utauliza, hawa watu wana midomo, mbona hawasemezani? Zamani walisemezana. Walipigiana kelele kwenye ngazi kama ndugu wa kawaida, na mchana wakala sahani moja. Kisha ikaja kalenda.

Ilikuwa kalenda ya mtu mwenye duka la magodoro. Mdogo aliipanga vizuri, akaiweka kwenye flashi. Tatizo ni kwamba humo ndani zilikuwamo tatu: "kalenda mwisho," "kalenda mwisho kabisa," na "kalenda mwisho kabisa hii ndiyo." Kaka akachapa ile ya "mwisho kabisa," kwa sababu kwake yeye kabisa ni kabisa, hakuna kitu baada yake. Kalenda zikatoka zinang'aa, zina Juni mbili na Julai hakuna. Mwenye magodoro akaja na moja kwapani, akauliza kwa upole, ule upole unaouma kuliko matusi: "Samahani, wazee wangu. Wafanyakazi wangu waende likizo Juni ya kwanza au Juni ya pili?"

Kaka alisema mtu mzima haachi takataka kwenye flashi. Mdogo alisema mtu mzima husoma mpaka mwisho wa mstari. Kaka alisema baba angekuwa hai angelia. Mdogo alisema baba angekuwa hai angemnunulia Kaka miwani mipya. Tangu siku hiyo kila mmoja akimtaka mwenzake anapitia kwa Dada.

Na kubeba flashi hakukumchosha Dada kama kubeba maneno. Flashi ni nyepesi, haina hasira. Lakini Kaka akikuambia, "Mwambie huyo mchora mbuzi kwamba herufi zake hata siafu hawezi kuzisoma," unayafikishaje? Dada aliyabeba mpaka kwenye ile kona ya ngazi, akayageuza pale, akafika juu akasema, "Kaka yako anauliza kama herufi zinaweza kukua kidogo." Mdogo akajibu, "Mwambie mzee akauze nyanya kama kazi imemshinda." Dada akashuka, akaguna kwenye ubao unaolia, akafika chini: "Anasema sawa, anaangalia." Hivyo ndivyo kiwanda kilivyoendelea. Kila kadi, kila kitabu cha risiti, kila tangazo la mkutano lilipita kwenye mdomo wa Dada likapunguzwa pilipili. Jioni alikuwa amechoka taya kuliko miguu.

Na lipo jambo alilolitaka, nalo hakulisema kwa mtu pale kiwandani. Binti yake, anayeishi mji mwingine, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na mtoto huyo sasa alikuwa ameanza kujishika kwenye viti na kusimama huku akitetemeka. Nyumba ya binti ilikuwa ya chini, haina hata ngazi ya kuingilia mlangoni. Chumba cha mama kilikuwa tayari, kitanda kimewekwa karibu na dirisha. Kila wiki binti alipiga simu.

"Mama, umewaambia wajomba?"

"Bado, mwanangu. Nasubiri kidogo."

"Unasubiri nini?"

"Kuna kazi za watu hapa, tukimaliza hizi nitawaambia."

"Mama, kazi za watu huwa haziishi. Mjukuu wako atakuja kukusalimia kwa miguu yake."

Dada alikata simu akijua binti yake amesema kweli. Alichosubiri hasa kilikuwa hiki: aliogopa kwamba akiondoka, wale wawili watanyamaziana mpaka mashine ishike kutu, na jasho la baba yao litafungwa kwa kufuli. Hakutaka kuishi kwa raha kwenye nyumba isiyo na ngazi huku akijua amekiua kiwanda. Lakini kuendelea kupanda na kushuka nako, alihisi, kulikuwa kunamuua yeye.

Basi siku moja alikuja mwalimu kuchapisha mitihani. Akamkuta Dada ameketi kwenye ngazi ya tatu, flashi mkononi, anavuta pumzi. "Mama, kwani kompyuta zenu hazijaunganishwa?" mwalimu akauliza. "Sisi shuleni tuna folda moja, kila mtu anaiona kwenye mashine yake. Unaweka hapa, mwenzako anaitoa kule. Zetu zimechanganyika, nyingine za Linux, nyingine za Windows, na zinaelewana tu."

Zinaelewana. Dada alilala na neno hilo, akaamka nalo. Akajiambia: mashine zikielewana, siku hiyohiyo nitasema ninachokitaka.

Kuwakubalisha wale wawili hakukuwa kazi kubwa, alikuwa anawajua. Chini alisema, "Kaka, nilisikia habari ya kuunganisha kompyuta, lakini sidhani kama Mdogo atataka." Kaka akasema, "Atake asitake, tunaunganisha!" Juu akasema, "Mdogo wangu, kuna habari ya folda ya pamoja, ila naona Kaka hatakubali kabisa." Mdogo akasema, "Yeye nani asikubali? Mwite fundi."

Fundi alikuwa mwanamke, begi mgongoni, viatu vya raba, na uso wa mtu aliyelala vibaya wiki nzima. Alikuwa ametoka kwenye zahanati ambayo printa yake ilikuwa inachapa kurasa tupu, na baada ya hapa alikuwa anasubiriwa na ofisi ya mizigo. Dada alimpa chai, akainywa akiwa amesimama. Watu waliochoka hutambuana. Walitazamana tu, wakaanza kazi.

Kebo ilipitishwa kwenye tundu la bomba la zamani, ikashuka mpaka kwenye kijisanduku chenye taa za kijani, ruta, kilichotundikwa juu ya marobota. Hilo lilikwenda vizuri. Kisha fundi akaketi mbele ya kompyuta ya Kaka, akabonyeza, akatazama, akakunja uso.

"Mama, hii mashine jina lake ni Ofisi Kuu."

"Ndiyo," Kaka akadakia kutoka kwenye mashine ya kuchapa. "Nililiandika mwenyewe. Hapa ndipo ofisi kuu."

"Na ile ya juu nimeiona pia inaitwa Ofisi Kuu."

Kaka akaacha kugeuza gurudumu. "Nani kaipa jina hilo?"

Dada alifumba macho. Alijua. Mashine mbili, kila moja kwenye chumba chake, hakuna aliyemwonyesha mwenzake, na kila mmoja alipoulizwa na kompyuta, "Mimi niitwe nani?" alijibu kwa fahari hiyohiyo moja. Watoto wa baba mmoja kweli.

"Kwenye mtandao mmoja," fundi akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo hilo nyumba nyingi, "mashine mbili haziwezi kuitwa jina moja. Ukiita Ofisi Kuu, ipi iitike? Moja lazima ibadilishwe."

"Abadilishe yeye," Kaka akasema. "Mimi mkubwa. Dada, mwambie."

Dada akapanda. Mdogo alikuwa ameshasikia, sakafu yenyewe ya mbao, lakini alisubiri aletewe.

"Kaka yako anaomba..."

"Haombi huyo. Mwambie ofisi kuu ni pale kazi inapoanzia, na kazi inaanzia kwangu. Yeye anapaka wino tu."

Dada akashuka. Safari hii pale kwenye kona hakupata neno la kugeuzia. Alisimama akashika ukuta. Goti la kulia lilikuwa linapiga kama moyo. Akasema moyoni, hata kompyuta nazo nizibebee majina? Kisha akashuka, akamwambia Kaka jambo lake mwenyewe.

"Kaka, hii yako iitwe Chini."

"Chini? Mimi niwe chini?"

"Msingi wa nyumba uko wapi? Uliwahi kuona msingi juu ya bati?"

Kaka akafikiri, akasugua ndevu kwa kidole chenye wino. "Hm. Andika Chini."

Akapanda tena. "Mdogo wangu, yako iitwe Juu."

"Na yake?"

"Chini."

Mdogo akatabasamu mpaka meno ya nyuma. "Mwambie fundi aandike haraka kabla mzee hajabadili mawazo."

Fundi akaandika, mashine zikazimwa na kuwashwa. Akapanda juu kuweka programu inayoifanya Linux izungumze lugha ya Windows. Jina lake Samba.

"Samba? Ile ya kucheza?" Dada akauliza.

"Ndiyo hiyohiyo, mama, ila hii haikati kiuno."

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi, cha watu wasio na nguvu za kicheko kirefu. Fundi akaeleza polepole, na Dada alipenda alivyoeleza, maana hakuruka hatua. Kazi zote zitakaa kwenye folda moja ndani ya mashine ya juu. Folda hiyo ina mlango. Kaka atapewa jina la kuingilia na neno la siri, na neno hilo si lile analofungulia kompyuta yake, ni la mlango huu tu. Na kila anayeingia hupimiwa: kuna anayeruhusiwa kutazama, na kuna anayeruhusiwa kutazama na kubadilisha.

"Kaka yako apewe ipi?" fundi akamuuliza Mdogo.

"Atazame," Mdogo akasema. "Asiguse."

"Mdogo wangu," Dada akaanza.

"Dada, Juni mbili. Umesahau? Atazame, achape, basi."

Fundi akamtazama Dada, Dada akatazama dirishani. Fundi akaandika kama alivyoambiwa, kisha wakashuka pamoja, Dada akiwa nyuma, mguu mmoja mmoja, kama anayeshuka kisimani.

Chini, Kaka aliandika neno la siri la kompyuta yake, ikamkatalia. Akaliandika tena kwa kukandamiza vidole zaidi, labda haikusikia. "Mzee, si hilo, ni lile jipya," fundi akamwambia. Akaliandika lile jipya. Dirisha likafunguka, na humo ndani, zimejipanga kama vyombo kabatini, zikaonekana kazi zote za juu: kadi, risiti, mitihani ya mwalimu, mabango.

Dada alimwona midomo ikitaka kutabasamu akaizuia. Kaka akafungua kadi moja, akaona nukta imesahaulika mwishoni, akaiweka. Akabonyeza kuhifadhi.

Maandishi yakatokea. Kaka akayasoma kwa sauti, neno baada ya neno. "Huna... ruhusa." Akavua miwani. "Sina ruhusa? Mimi? Kwenye nyumba ya baba yangu? Dada! Panda ukamuulize huyo mtoto..."

"Mzee, subiri kidogo," fundi akasema.

"Panda, Dada!"

Alipanda. Kwenye kona ubao ukalia, na yeye nusura alie pamoja nao. Alipofika juu hakukaa. Aliegemea fremu ya mlango, na Mdogo, aliyekuwa ameandaa jibu lake tayari, akamtazama usoni akaliacha.

"Mpe ruhusa," Dada akasema.

"Lakini Dada, akiharibu?"

"Mpe."

Hakuweka sukari wala hakutoa pilipili. Mdogo alimwita fundi, fundi akapanda na begi lake, akabadilisha mstari mmoja, akaianzisha Samba upya. Nukta ya Kaka ikaingia. Juu, kwenye skrini ya Mdogo, kadi ikafunguka ikiwa na nukta. Fundi akakusanya nyaya zake, akawaambia jambo la mwisho, watu wawili wasifungue faili moja kwa wakati mmoja, maana kazi ya atakayehifadhi mwisho ndiyo itakayobaki, akamshika Dada mkono kwa mikono yote miwili, akaondoka kwenda kwenye ofisi ya mizigo. Mpaka anavuka barabara Dada alikuwa bado anamtazama mgongo.

Zikafuata siku za ajabu. Kisigino hakikugonga sakafu. Hakuna aliyeita. Faili zilishuka zenyewe kimyakimya, mashine ikachapa. Dada akaketi kwenye kiti chake karibu na kisu cha kukatia, akakunja karatasi, akashona vitabu vya risiti, akapanga kingo kwa kiganja mpaka zikalingana. Kazi hii alifundishwa na baba yake, na alikuwa amesahau jinsi inavyotuliza. Alisikia sauti za barabarani, muuzaji wa duka la spea akipiga mluzi, mvua ndogo ikigonga bati la jirani. Flashi aliiweka kwenye kopo la vifungo.

Lakini kusema hakusema. Kila asubuhi aliamka na maneno yamepangwa. Aliyapanga kama alivyozoea, laini, ya kuzunguka: kwamba hali ya hewa ya kule inafaa kwa magoti, kwamba binti anahitaji mtu wa kumshikia mtoto kidogo, kwamba labda kwa muda tu. Akifika kiwandani anamwona Kaka anaitia mashine mafuta, anajisemea, mchana. Mchana anasema, jioni. Binti akapiga.

"Zimeunganishwa?"

"Zimeunganishwa, zinafanya kazi vizuri sana."

"Na umewaambia?"

"Kesho."

Kwa mbali Dada alisikia kitoto kinapiga kijiko kwenye kitu cha bati, pa, pa, pa. Alikaa na simu sikioni hata baada ya kukatwa.

Kesho yake asubuhi, Kaka alikuwa anatazama tangazo la mkutano kwenye folda. Herufi zilikuwa ndogo. Akafungua mdomo aseme "Dada!" kisha akakumbuka kwamba sasa anayo ruhusa. Hakujua kuandika ujumbe kwa kompyuta, hakuwa na haja. Lakini kubadilisha jina la faili alijua. Basi akalibadilisha, likawa: "tangazo herufi kama mayai ya chawa."

Juu, Mdogo akaona. Neno lilikuwa limefika lilivyo, halikupita kwenye kona. Na yeye akalibadilisha jina hilohilo, likawa: "tangazo la mwenye macho."

Kaka: "tangazo la mwenye macho aliyetuletea Juni mbili."

Mdogo: "aliyechapa ni wewe."

Kaka: "aliyeandika ni nani."

Dada alikuwa anashona, hajui lolote. Alichosikia ni Kaka anabonyeza kibodi kwa nguvu isiyo ya kawaida, na juu kibodi nyingine inajibu, tak tak tak, kama kuku wawili wanaodonoa sahani moja. Alidhani ni kazi. Alifurahi hata.

Kisha kiti cha juu kikasukumwa. Mlango ukafunguliwa. Na kwa mara ya kwanza tangu ile kalenda, Mdogo alisimama kileleni mwa ngazi akapaza sauti yake mwenyewe.

"Wewe mzee, nani umemwita chawa?"

"Nimesema herufi!" Kaka akatoka kwenye mashine, akasimama chini ya ngazi, kitambaa cha wino mkononi. "Soma vizuri, si ndiyo kazi yako kunifundisha kusoma?"

"Nilikuwekea faili ya tatu, ikaandikwa hii ndiyo! Hii ndiyo maana yake nini?"

"Na kabisa maana yake nini? Nani duniani anaweka kitu baada ya kabisa?"

"Ungeniuliza!"

"Ungeshuka!"

Dada aliacha sindano kwenye kitabu, akainuka. Mazoea ni kitu kibaya, miguu yenyewe ilishaanza kupanda. Alifika kwenye kona, ubao ukalia, na hapo akasimama katikati yao, mmoja juu, mmoja chini, kama siku zote, akitafuta neno la kupunguza ukali. Hakulipata. Alitafuta tena. Alihisi kama mtu anayeingiza mkono kwenye gunia la unga akakuta kitambaa cha gunia. Akajishika ukuta, akashuka taratibu mpaka akaketi pale pale kwenye kona.

"Dada, mwambie huyu," Kaka akasema, "mwambie aache kunivunjia heshima."

"Dada, mwambie yeye kwanza," Mdogo akasema.

Dada alitazama mikono yake, wino kwenye kucha, uzi mmoja umejiviringisha kwenye kidole.

"Ameshasikia," akasema.

"Nani?"

"Wote wawili. Yeye amekusikia na wewe umemsikia. Mimi nimwambie nini tena?"

Walitazamana juu ya kichwa chake, na ikawa kama kila mmoja ndiyo kwanza anamwona mwenzake amezeeka. Kaka ana mvi mpaka kwenye nyusi. Mdogo, ambaye wao walimwita mtoto, amepata tumbo na amevaa miwani.

"Na wewe umevaa miwani," Kaka akasema.

"Tangu mwaka jana."

"Hm." Kaka akajifuta mikono ijapokuwa ilikuwa mikavu. "Basi kuza herufi, sote tuone."

"Nitakuza."

Ilikuwa imetosha kwa siku moja, na Kaka alikwisha kugeuka nusu kurudi kwenye mashine yake. Lakini Dada hakuinuka. Mdogo akashuka hatua mbili, Kaka akapanda moja, wote wakamtazama kama watu wanaotazama taa iliyozima ghafla.

"Unaumwa?" Kaka akauliza.

"Siumwi."

"Nikuletee maji?" Mdogo akasema. "Au chai? Nishuke nikuwekee chai?"

"Nilishakunywa."

"Sasa unataka nini, Dada?"

Mdogo aliuliza tu, kama mtu anavyouliza ukitaka kijiko au kikombe. Lakini Dada hakukumbuka mara ya mwisho swali hilo kupandishwa au kushushwa kwenye ngazi zile. Yale maneno laini aliyokuwa ameyapanga, ya hali ya hewa, ya kwa muda tu, yakaja mpaka mdomoni. Akayaacha yapite.

"Nataka kuondoka," akasema. "Nimechoka. Nakwenda kwa binti yangu kumlea mjukuu wangu, na kazini hapa sirudi."